Mtoto wa Dar akienda Doha au Houston: joto gani atalikuta?

Kutoka Tabata, Dar es Salaam

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kutwa. Mwanzoni mwa Agosti binti yetu anaelekea Doha kwa kazi ya hoteli, na kaka yake anakwenda Houston kusoma. Hapa nyumbani kila mtu anasema, "Watoto wa Dar hao, joto watalishangaa nini?" Mimi nina wasiwasi. Kwenye simu naona nyuzi joto na asilimia za unyevu, lakini sijui kuzilinganisha. Mlioko huko na mnaolijua jambo hili, naomba msaada.

Kutoka Kijitonyama, Dar es Salaam

Dada, wasiwasi wako ni wa haki. Kwanza, asilimia ya unyevu iweke kando, maana inapotosha watu wengi. Siku ya Februari hapa Dar, alfajiri kukiwa na nyuzi 25, simu itakuonyesha unyevu asilimia 94. Saa nane mchana kukiwa na nyuzi 32 itakuonyesha 63. Ukitazama haraka utadhani mchana hewa imekauka. Haijakauka hata kidogo, mvuke uliomo ni uleule. Hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka, kwa hiyo asilimia hushuka.

Kinachofaa kutazamwa ni kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipozwa hadi kuzifikia, mvuke wake huanza kugeuka maji. Kwenye programu za simu huandikwa dew point. Katika mfano huo wa Februari kiwango ni 24 alfajiri na 24 mchana. Chini ya 16 jasho hukauka bila shida. Kuanzia 18 mwili huanza kuhisi. Kati ya 21 na 23 ndipo fukuto lenyewe, ukifika 24 jasho linatiririka badala ya kukauka, na 27 kwenda juu kazi ya sulubu ni hatari hata kwa kijana mwenye afya.

Miji ya pwani hupata kiwango hiki kutoka baharini. Bahari ya Hindi mbele ya Dar, msimu wa kaskazi, huwa na nyuzi 28 hadi 30, ndiyo maana kiwango chetu cha umande huishia 24 au 25 hivi, mara chache zaidi. Ghuba ya Uajemi ina kina kifupi, wastani wa mita 35 tu, kwa hiyo jua linaichemsha hadi nyuzi 33 na zaidi mwezi Agosti. Upepo ukitoka majini kwenda Doha au Dubai unabeba umande wa 28 hadi 30. Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 8 Julai 2003, kiwango kilifika 35, na hewa ilikuwa nyuzi 42. Hapo jasho halina kazi tena, kwa sababu ngozi yenyewe ina nyuzi 35 hivi.

Kwa hiyo binti yako anakwenda kwenye joto ambalo Dar haijawahi kumwonyesha. Kijana wa Houston anakwenda kwenye Februari yetu iliyoongezwa nyuzi tatu: mchana 35, umande 24. Wamarekani wakichanganya namba hizo mbili hupata joto la kuhisiwa la karibu 41, wakati Dar kwa hesabu hiyohiyo ni 38 au 39. Hesabu hiyo ni ya kivulini. Juani linaweza kuongezeka hadi nyuzi 8.

Jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote niliyoandika: wanaondoka Agosti. Huku ni kipupwe, usiku nyuzi 19 au 20. Mwili husahau joto ndani ya wiki chache, hata wa aliyezaliwa Kariakoo. Watatua huko wakiwa wageni wa joto.

Kutoka Doha

Nakubaliana na mkuu wa Kijitonyama. Naongeza ya huku, kwa kuwa usalama kazini ndiyo kazi yangu.

Juni na nusu ya Julai upepo wa shamali huvuma kutoka kaskazini magharibi, mkavu, wenye vumbi. Nyuzi hupanda hadi 42 na zaidi lakini jasho linakauka. Agosti na Septemba shamali inalegea, upepo wa baharini unaingia, na usiku hauteremki chini ya 30. Watu wengi huzidiwa kipindi hiki, kwa sababu kipimajoto kinaonyesha 37 nao wanadhani hali imekuwa afadhali.

Sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Zaidi ya hapo, kipimo cha WBGT kikipita 32.1 kazi zote za nje zinasimama, saa yoyote ile. Kipimo hicho huchanganya joto, unyevu, upepo na ukali wa jua. Falme za Kiarabu katazo lao ni saa 6:30 hadi saa 9 alasiri, 15 Juni hadi 15 Septemba. Binti wa hoteli atasema halimhusu. Linamhusu ikiwa atapangiwa bwawa la kuogelea, bustani au kupokea mizigo nje. Aulize kabla ya kusaini.

Kuzoea joto kuna utaratibu wake. Mfanyakazi mgeni kabisa, siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya muda wa kazi kwenye joto, kisha aongeze 20 kila siku. Aliyewahi kufanya kazi joto kama hilo aanze na 50, siku ya pili 60, ya tatu 80, ya nne kamili. Mwili kuzoea sawasawa huchukua wiki moja hadi mbili. Kuishi ndani ya kiyoyozi saa 24 hakuhesabiki kuwa ni kuzoea.

Maji: kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu. Asipite lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu mengi mno hupunguza chumvi ya damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa au kuanguka kifafa. Jasho likiwa jingi kwa saa kadhaa, ale chakula chenye chumvi au anywe maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi mchanganyiko unadhuru. Mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa za kukojoa amwone daktari kabla ya safari.

Dalili ya kukimbilia ni mtu kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia huku mwili unawaka. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini, wengine hupatwa wakiwa wamelowa. Piga 999, na hapohapo mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea. Kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Dogo la nyumbani: tangi la maji liko juu ya paa, na Agosti bomba la baridi hutoa maji ya kuunguza. Wenyeji huzima hita ya bafuni. Hita iko ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, kwa hiyo maji yaliyolala humo yanapoa, na bomba la moto ndilo linalotoa maji ya kuogea. Afungue kidogo ajaribu kwa mkono kwanza.

Kutoka Salalah, Oman

Mmesahau sisi. Kusi ileile inayoleta kipupwe Dar huvuka bahari na kuipiga milima ya Dhofar. Juni hadi Septemba Salalah ni manyunyu, ukungu na nyuzi 25 hivi. Binti akipata likizo aje kupumua.

Kutoka Houston

Kijana ajifunze Farenhaiti kabla ya kupanda ndege. Akariri hizi: 75 ni 24, 80 ni 27, 90 ni 32, 95 ni 35, 100 ni 38, 110 ni 43. Kwenye kiwango cha umande 75 ndiyo Dar ya Februari.

Houston shida yake kubwa ni mpito. Nje fukuto, darasani na ndani ya basi kiyoyozi cha nyuzi 20 au 21. Abebe koti jepesi hata Agosti. Nguo iliyolowa jasho ukiingia nayo ndani inakupa baridi ya mifupa. Nguo za nje ziwe nyembamba na za kupwaya. Jinzi nzito ya pamba hubaki imelowa kutwa na kuleta vipele vya joto mapajani.

Akipanga chumba, asikubali kiyoyozi kikubwa kupita chumba. Chumba cha mita za mraba 12 hadi 15 kinatosha BTU 9,000, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza. Ukiweka 18,000 kinapoza kwa dakika chache na kuzima kabla hakijakausha hewa. Unabaki na chumba baridi chenye unyevu, na baada ya muda ukungu mweusi nyuma ya kabati na kwenye viatu. Aweke 24 hadi 26, feni ipepee pamoja.

Na asiichanganye Texas ya pwani na Arizona. Phoenix mwaka 2023 ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43.3 na kuendelea. Hewa yao ni kavu sana, umande mara nyingi 10 au chini yake. Wanaoijua Dodoma mwezi Oktoba watanielewa: mtungi wa udongo kule unatoa maji ya baridi kweli, hapa Dar maji yanapoa kidogo tu, kwa sababu mtungi hupoa kwa kukausha maji yanayovuja ukutani mwake. Mashine za kupoza kwa maji zinafanya kazi hivyohivyo. Phoenix zinafaa, Houston na Dar zinaongeza fukuto tu, msizinunue hata mkishawishiwa kwa bei.

Feni nayo ina mpaka. Dar nyuzi 32 pangaboi ni mkombozi, hewa iko chini ya joto la ngozi. Hewa ikivuka 40 feni inakupulizia moto na kukukausha, usiitegemee peke yake.

Kutoka London

Kwa ufupi, kwa wanaokuja huku. Umande kwa kawaida ni 10 hadi 15, hamtalalamika. Lakini Julai 2022 Coningsby, kijiji cha mashariki mwa Uingereza, ilifika 40.3, na nyumba zimejengwa kutunza joto, nyingi hazina kiyoyozi. Zoea letu la Dar la kuacha madirisha wazi kutwa linaumiza hapa siku kama hiyo. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga dirisha na pazia. Fungua usiku, pande mbili zinazotazamana. Kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja kinatoa hewa nje, na hewa ya moto inaingia kuziba pengo kupitia kila ufa. Usipoziba dirisha kuzunguka bomba, unalipia umeme bure.

Kutoka Tabata, Dar es Salaam

Mungu awabariki. Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho: kijana akirudi, alete feni na mashine ya kukausha hewa za Marekani? Anasema ni za bei nafuu.

Kutoka Kijitonyama, Dar es Salaam

Asilete, dada. Marekani ni volti 120 na Hz 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, Tanzania volti 230 na Hz 50. Transfoma inarekebisha volti, Hz inaziacha zilivyo. Mota nyingi za mashine hizo hufuata Hz: itazunguka pungufu kwa moja ya sita, itapata moto, na kompresa ya mashine ya kukausha hewa haitadumu. Vya Doha vinaingia bila transfoma, volti 240 na Hz 50, na plagi za pini tatu bapa kama zetu.

Kiyoyozi anunue hapahapa. Kama nyumba iko karibu na bahari, Mbezi Beach au Kigamboni, amwambie fundi aweke sehemu ya nje upande usiopigwa na upepo wa bahari, na mapezi yake yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi. Yaoshwe kwa maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na ukioshea hayo unaongeza kutu uliyotaka kuiondoa. Bomba la kiyoyozi la kutolea maji lisafishwe kila miezi mitatu, maana utelezi huliziba na maji hurudi ukutani. Na pazia la dirisha la magharibi liwe zito: jua la saa kumi ndilo linalokula umeme wa LUKU.