Mrejesho: Linux ya kurekodia nyatiti, Kisumu

Asanteni wadau. Niliuliza niweke Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) ipi kwenye laptopu kuukuu, na kadi gani ya sauti inafaa kurekodia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hapa Kondele. Nimeweka Ubuntu Studio 24.04, Linux ya kazi za sauti na video; Ardour (programu ya kurekodi) na PipeWire (inayopitisha sauti kati ya programu na kadi) vimo tayari. Kadi ni Scarlett 2i2 ya kizazi cha pili, ya mtumba. Kwa kuwa inafuata kiwango cha sauti cha USB, ALSA (sehemu ya Linux inayoendesha kadi za sauti) iliitambua papo hapo bila kuweka draiva ya ziada. Bafa (kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa 48,000 Hz inachelewesha sauti kama milisekunde 2.7, ingawa ukijumlisha kuingia na kutoka inazidi. Sauti ikikwaruza napandisha bafa hadi 256. Mliopendekeza Arch (Linux unayojipangia mwenyewe karibu kila kitu), samahani wakuu, mimi nataka kurekodi, si kukarabati. Kinachonisumbua sasa ni bodaboda za nje tu.