Namuuguza mama mkwe aliyepooza: tugawane vipi kazi hii kabla nami sijaanguka?

Mkamwana_Moro

Habari za majukumu, wanajukwaa. Naishi Morogoro na nimeajiriwa katika ofisi ya uhasibu. Tangu mama mkwe wangu apatwe na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumpunguzia uwezo wa kusema, mimi ndiye ninayemuuguza, nikisaidiana na binti wa kazi ambaye bado ni mdogo. Mume wangu anafanya kazi Dodoma na hurudi mwisho wa juma. Wifi zangu wawili wapo Dar es Salaam na hutuma fedha bila kuchelewa, jambo ninalowashukuru kwa dhati.

Kazi yenyewe siilalamikii, maana mama huyu alinipokea kama mwanawe. Kinachonitisha ni hali yangu. Usingizi umekatika vipande kwa sababu ya kumgeuza usiku, mgongo unaniuma kila ninapomhamishia kwenye kiti, na siku hizi ninapomlisha uji ukamwagika mdomoni, napandwa na hasira ambayo baadaye hunitia aibu. Naomba mnieleze namna ya kujikinga kabla sijafika pabaya, mahali ninapoweza kupata msaada, na jinsi ya kuzungumza na wifi zangu bila kuonekana kwamba nimemchoka mama yao.

Muuguzi_wa_Zamu

Pole sana kwa kuuguza, dada. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, na nimeona watu waliomleta mgonjwa wa kiharusi wakirudi baadaye wao wenyewe wakiwa wagonjwa, shinikizo la damu likiwa juu na wakiwa hawajapima muda mrefu. Hasira unayoieleza si dalili ya kutompenda mama. Katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019, Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu uliokithiri kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Shirika hilo linauhusisha na ajira pekee, na hapo naona limebana mno, kwa kuwa dalili zote tatu nazikuta kwa ndugu walioketi kando ya vitanda vya wagonjwa wao.

Kinachonitofautisha na wewe ni makabidhiano. Zamu yangu inapoisha, mwenzangu huja, tukapita kitanda kwa kitanda nikimweleza nani amekula, nani bado hajapewa dawa na nani ngozi yake imeanza kuharibika. Kisha naondoka, na wagonjwa wale wanakuwa wake. Tunachoka, tena sana, hasa siku ambazo wagonjwa wanatuzidi idadi, lakini zamu ina mwisho na yako haina. Kwa hiyo nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, uandike saa, dawa, kiasi alichokula, upande aliolalia, choo na mkojo, na hali ya ngozi. Yeyote atakayeshika zamu, awe mume wako au binti wa kazi, asome mistari ya mwisho na kuendelea pale ulipoishia. Pasipo daftari utatoka nyumbani kwa mwili tu, huku ukipigiwa simu kuulizwa dawa ya jioni iko wapi.

Kuhusu usiku, agizo la kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, ila mwenye godoro linalofaa na ngozi iliyo salama anaweza kuongezewa muda. Waulize wataalamu wanaomhudumia kabla ya kuurefusha. Kila asubuhi kagua visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo papase kwa kiganja: penye joto au ugumu kuliko pembeni yake ndipo kidonda kinapoanzia. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumshika kwapani, kwa sababu bega hilo limelegea na huteguka upesi. Mlazeni juu ya shuka lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi mapajani, na watu wawili mlivute pamoja. Uji mpe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Unamwagika kwa sababu misuli ya midomo imelegea; akikohoa au akipaliwa mara kwa mara, mwambieni daktari.

Ikiwa usingizi unakukataa hata ukiwa na nafasi ya kulala, au ukipitiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mama, hilo si la kusubiri. Nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Baba_Tanga

Daftari ni jambo jema, lakini halitaleta watu wa kulishika. Ndugu zangu nami tulimuuguza baba yetu Tanga hadi alipofariki, na niliyojifunza ni haya.

Kwanza, mwenye kuzungumza na wifi zako ni mume wako. Mkwe akisema amechoka, watu humtafutia maana nyingine. Mtoto wa mgonjwa akisema, ni neno la nyumbani. Katika kikao chenu asiulize ni nani atasaidia, kwa sababu kila mmoja ataitikia na hakuna atakayefika. Awasomee yanayofanyika kwa siku moja, kuanzia alfajiri hadi alfajiri, kisha mgawane siku kwa majina. Wifi mmoja ashike mwisho wa juma fulani wa kila mwezi, mwingine ashike unaofuata, na mume wako awe na usiku wake anapokuwa nyumbani, wewe ukiwa umelala chumba kingine na mlango umefungwa. Umbali si kisingizio kikubwa tena: treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria 2024 inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa takribani saa mbili.

Pili, wageni. Hili halisemwi kwa kuwa ni jambo la heshima, lakini watu wanaokuja kumjulia hali mgonjwa huweza kummaliza anayemuuguza. Wanafika bila taarifa, wanakaa, wanasubiri chai, kila mmoja anataka kusimuliwa upya jinsi mgonjwa alivyoanguka, halafu wanaondoka wakisema “Mungu atamjalia,” na vikombe vimebaki juu ya meza. Sisi tulimwomba shangazi yetu mmoja, mwenye ulimi usiopepesa, awaambie wageni kwamba anayetaka kumwona mzee aje alasiri na akae naye wakati mama anapumzika. Wengine walinuna. Waliobaki wakawa msaada wa kweli, hasa akina mama wa jumuiya, ambao walijipangia zamu zao wenyewe.

Tatu, ajira yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama ilivyopitishwa, ilitoa angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua au kufariki, au akifariki mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Yaani mzazi akifa unapewa ruhusa ya kumzika, lakini kifungu hicho hakikutaja ruhusa ya kumuuguza akiwa hai, sembuse mkwe. Hivyo usiingie kwa mwajiri ukitegemea kifungu hicho. Mwombe mapema akuruhusu kuitumia likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 28, kwa vipande.

Binti_wa_Likoni

Dada, naandika kutoka Uingereza, ambako nimeajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, huku mama yangu mzazi akiuguzwa Likoni na mke wa kaka yangu. Kwa hiyo niko upande wa hao wifi zako wanaotuma fedha, na nitasema lisilosemwa na wengi wetu: ukishatuma, moyo hutulia kana kwamba umeshauguza. Wifi yangu aliponiambia “pesa imefika, asante,” sikuuliza zaidi kwa muda mrefu. Siku alipoacha simu ya video ikiwa wazi wakati anamwogesha mama, ndipo nilipoona anavyopumua. Kama mama yenu hataona vibaya, na heshima yake ikihifadhiwa, waacheni wifi waione saa moja ya kawaida.

Fedha hizo nazo zipewe jina. Badala ya “matumizi ya mama,” mmoja alipie mtaalamu wa fiziotherapia, mwingine alipie mtu wa pili wa kusaidia au godoro la kuzuia vidonda. Tena msimsahau binti wa kazi. Mimi sikuruhusiwa kumnyanyua mzee yeyote kabla ya kufundishwa, na nina siku zangu za mapumziko. Yeye aliajiriwa kufanya kazi za ndani, na sasa anageuza mgonjwa usiku kwa mshahara uleule. Akiondoka ghafla, mtashangaa, lakini hamtakuwa na haki ya kumlaumu.

Msidhani huku mambo yamekamilika. Sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024 inampa mwajiriwa juma moja tu kwa mwaka la kumhudumia ndugu, na halina malipo.

Mkamwana_Moro

Nawashukuru nyote. Mume wangu ameusoma mjadala huu na ameshawapigia dada zake. Kikao ni Jumapili. Mshahara wa binti tutauongeza. Nimebaki na swali moja: jirani aliniambia niulizie hospitalini tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nikaogopa, kwa kuwa nilidhani ni ya wagonjwa wa saratani wanaokaribia kufa.

Muuguzi_wa_Zamu

Wengi hudhani hivyo, kwa kuwa hapa nchini huduma hiyo imejulikana zaidi kupitia wagonjwa wa saratani wa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini Shirika la Afya Duniani linaieleza kuwa ni ya mgonjwa mwenye maradhi mazito pamoja na familia yake, na si lazima awe katika siku za mwisho. Maana yake wewe pia ni mtu wa kuhudumiwa: kuulizwa unalalaje, kufundishwa, na kusikilizwa. Si kila hospitali ina timu kamili, kwa hiyo uliza kwenye hospitali ya mkoa, na pia katika hospitali za mashirika ya dini, kwa kuwa baadhi yake hutembelea wagonjwa majumbani. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo itakueleza kama mna mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hatamwogesha mama, lakini anaweza kupita kumwona na kuwaunganisha na kituo cha afya.

Siku ya fiziotherapia nenda na binti, naye afundishwe kwa vitendo mbele ya mtaalamu, na siku hiyohiyo upimwe shinikizo lako la damu. Fikeni mapema, kwa sababu foleni ya kitengo hicho hurefuka kabla ya saa nne.