Ushauri: alama za kuwakilisha maisha na Parkinson kwenye bango na fulana

Mlezi_Kla: Ndugu zangu, kikundi chetu cha wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, na walezi wao hapa Kampala kinaandaa bango na fulana za Aprili 11, Siku ya Parkinson Duniani. Wengi wanataka mkono unaotetemeka, wengine ua la tulipu nyekundu, alama ya Parkinson, ila ua hilo wachache wanalijua huku. Tuchague nini?

Nesi_Mbale: Mkono usiwe alama kuu. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Shida yao ni mwili kuwa mzito, viungo kukakamaa, miguu kuganda mlangoni. Wakiona mkono watasema bango haliwahusu, na majirani wataendelea kudhani ni pombe au kurogwa. Mimi ningechukua mwandiko unaosinyaa: sentensi moja, herufi ya kwanza sm 6, ya mwisho sm 1. Ndivyo ugonjwa unavyofanya mwandiko. Aandike mgonjwa mwenyewe kwa kalamu nene. Herufi za kompyuta zitaua maana yote.

Fundi_Skrini: Tulipu msiiache, wekeni ndogo pembeni. Ilitokana na Mholanzi Van der Wereld, mkulima wa maua aliyekuwa na Parkinson, aliyeipa tulipu yake nyekundu na nyeupe jina la Dk. James Parkinson, daktari aliyeueleza ugonjwa huu. Aprili 11 ni siku aliyozaliwa daktari huyo, 1755.

Kwenye uchapaji, rangi mbili basi, maana kila rangi ina fremu yake ya kuchapia na gharama yake. Mstari usiwe chini ya milimita 1, la sivyo wino unaziba au unakatika. Bango liwe la turubai, Aprili ni mvua. Wino wa maji kwenye fulana ukishakauka, weka kitambaa juu upige pasi ya moto dakika 3 hadi 5. Ukiruka hapo, rangi inatoka kwenye kufua.

Mlezi_Kla: Asante sana. Na beji? Kuna aliyependekeza saa, kwa ajili ya dawa.

Viungo_Jinja: Beji ya pini ndogo inawashinda vidole, na ya sumaku ni hatari kwa mwenye kifaa cha moyo au cha ubongo mwilini. Shoneni kiraka kifuani.

Saa peke yake haisemi kitu. Choreni kidonge, kisha saa, kisha sahani. Levodopa, dawa ya Parkinson, kwa kawaida humezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya maharage au nyama hushindana nayo kufyonzwa. Msiandike saa mahususi, kila mgonjwa ana ratiba aliyopangiwa na daktari.

Chini ya bango pitisheni mistari minene, kama ile inayobandikwa sakafuni kwa umbali wa hatua moja moja. Aliyeganda akilenga kuvuka mstari, mara nyingi mguu unanyanyuka.

Mlezi_Kla: Basi mwandiko katikati, mistari chini, tulipu pembeni. Kidonge, saa na sahani vinaenda mgongoni mwa fulana.