Factorio: mraba wa vinu vinne au safu ndefu ya nyuklia?

MwangaJuu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Kiwanda changu kwenye Factorio, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, kimefika megawati 400 na boila za makaa zimeelemewa. Urani ninayo. Sijui nijenge mraba wa vinu vinne vya nyuklia nikanakili kila nikipungukiwa, au nianze safu ya viwili viwili nirefushe taratibu. Nacheza toleo la 2.0. Mliojenga nishaurini kabla sijamwaga zege.

FundiUjiji
Karibu mkuu. Kinu kikiwa peke yake hutoa megawati 40 za joto. Kila jirani anayewaka ubavuni mwake humwongezea 40 nyingine. Kwenye mraba kila kinu kina majirani wawili, kwa hiyo vinne vinatoa 480, na miraba miwili ni 960. Sasa vinu hivyohivyo nane ukivipanga safu mbili za vinne, unapata 1,120. Urani ileile, megawati 160 zaidi! Mimi ni mtu wa safu.

Kila jozi utakayoongeza italeta 320, nayo inataka vibadilisha joto 32 (vinavyogeuza maji kuwa mvuke) na mitambo ya mvuke 55 (inayozalisha umeme). Chora kipande hicho mara moja, ukihifadhi, uwe unabandika.

BintiKazeh (Tabora)
Hesabu ya kaka Fundi ni sahihi, ila safu ilinitesa kwenye mabomba ya joto. Joto hushuka kadiri bomba linavyorefuka, na kibadilisha joto hakitoi mvuke chini ya nyuzi 500. Vya mwisho kwenye mstari wangu vilikaa baridi, huku vinu vimefika nyuzi 1,000 ambazo ndizo kikomo chake. Nilibomoa upande mzima. Mraba unahitaji vibadilisha joto 48 na mitambo 83, basi. Kwa anayeanza, nasimama na mraba.

MwangaJuu (Kigoma)
Asante dada. Na maji je? Sisi huku tumezoea ziwa liko mlangoni, lakini kwenye ramani yangu liko mbali na urani.

FundiUjiji
Vuta bomba tu. Tangu 2.0 ilipotoka Oktoba 2024, kibadilisha joto kinatumia maji 10.3 kwa sekunde, sehemu ya kumi ya zamani. Pampu moja hutoa 1,200, kwa hiyo inalisha vyote 112 vya safu ya vinu nane. Na dada Kazeh ana haki kuhusu joto: kila kinu kipe bomba lake fupi ubavuni, usiunganishe vyote kwenye mstari mmoja mrefu.

MzeeWaGungu
Vijana, mmeruka upotevu. Seli ya urani, yaani mafuta ya kinu, ikishaingia huungua sekunde 200, umeme utumike usitumike. Hili linanigusa, nimeishi miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli hapa Kigoma. Najua mafuta kuungua bure ni nini. Mradi wetu wa umeme wa maji wa Malagarasi ni wa megawati 49.5, na nyinyi mnazungumzia kutupa mamia!

Kwenye 2.0 kinu kinasomeka kwa waya wa kupitisha taarifa. Soma joto la kinu kimoja, kisha mikono yote ya mashine ya kulishia seli ifuate waya huohuo: iweke seli mojamoja joto likishuka chini ya nyuzi 600 na ndani hamna seli. Lazima vinu vyote vilishwe kwa pamoja. Kimoja kikichelewa kuwaka, jirani zake wanakosa nyongeza.

BintiKazeh (Tabora)
Shikamoo mzee. Hilo la kulisha pamoja ndilo lililokuwa linaniangushia megawati na sikujua sababu.

MzeeWaGungu
Marahaba binti. Halafu huu ubishi wenu sioni kama upo. Mraba ni jozi mbili za kwanza za safu. Ajenge vinne, mabomba ya joto yakae mbavu mbili tu, ncha moja aiache wazi kabisa.

MwangaJuu (Kigoma)
Nimeelewa wazee wangu. Naweka vinne leo, ncha ya kaskazini haina kitu, na nimeshaanza kuhamisha reli iliyokuwa inapita hapo. Jozi ya tatu ikiwaka nikafika 800, nitaleta picha.