Kompyuta haijui ina maktaba gani tumboni mwake? Huu ni upuuzi!

Wakuu, leo niacheni niseme.

Niko Lamu, huku Langoni. Ofisi moja ya safari za majahazi imenipa kazi ya kuhamisha programu yao ya kupokea wageni na kuchapisha risiti, kutoka kompyuta kuukuu iliyoliwa na chumvi kwenda mashine mpya. Programu imeandikwa kwa lugha ya Python, na inategemea maktaba, yaani vifurushi vya kodi vilivyoandikwa na wengine. Aliyeiandika kahamia Mombasa, simu hapokei, na faili la requirements.txt, lenye orodha ya maktaba, hakuacha. `pip freeze > requirements.txt`, mstari mmoja tu wa pip, chombo cha kuweka maktaba za Python, ungemgharimu nini?

Mzee mwenye ofisi ananiambia, "Mwanangu, kompyuta si hiyo mbele yako? Iulize ina nini." Maneno yake ni ya haki kabisa, na ndiyo yanayonipandisha hasira, maana haiulizwi!

Naandika `pip list`, yaja orodha fupi ya vitu ambavyo programu haivigusi hata. Na huku programu yaendelea na kazi, risiti zatoka kama kawaida. Kumbe mashine ina Python tatu: ya Ubuntu yenyewe (mfumo endeshi wa mashine), nyingine mtu kaiweka kwa mkono ndani ya /usr/local, na ya tatu imo kwenye venv, yaani mazingira ya Python yaliyotengewa mradi mmoja, ndani ya folda iitwayo "mpya2" (kuna "mpya" na "mpya_sahihi" pia, msiniulize). pip huijibia Python yake tu. Ya jirani haiijui, wala haikuonyi kwamba huenda ipo.

Zile mbili za mwanzo nilizipata kwa `which -a python3`. Ya tatu ilibidi nipekue diski nzima:

`find / -type d -name site-packages 2>/dev/null`

Kisha unaiita kila Python kwa njia yake kamili na kuipa `-m pip list`. Hapo ndipo inasema kweli.

Haya, orodha ninayo. Majina sasa! Kodi inasema `import PIL`, orodha inasema pillow. Kodi `yaml`, orodha PyYAML. Kodi `dateutil`, orodha python-dateutil. Nani aliruhusu mambo haya? Tena alizoziweka fundi mwenyewe zimechanganyika na zilizoingia kwa kufuatana nazo. `pip list --not-required` inachuja, lakini ikiwa maktaba aliyoitaka fundi inahitajiwa na nyingine pia, nayo inafichwa.

Mashine mpya nayo ina Ubuntu 24.04. Nikisema `pip install` nje ya venv, nafungiwa mlango: externally-managed-environment. Mambo haya yalianza 2023 na Debian 12 na Ubuntu 23.04, ili pip isivuruge vitu vya apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe. Sababu naielewa. Ila matokeo yake ni kwamba kila mradi una venv yake, maktaba zimetapakaa folda kwa folda, na hakuna amri moja ya kuziorodhesha zote.

Na msiniambie haya ni matatizo ya kisiwani. Desemba 2021 lilipotangazwa tundu la usalama kwenye Log4j, maktaba ya Java, makampuni makubwa yenye pesa na wahandisi yalihangaika kuitafuta ndani ya faili za jar (vifurushi vya Java) zilizofichwa ndani ya jar nyingine. Swali lao lilikuwa hili hili langu.

Sasa hivi nimekwama kwa psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL. Imegoma kujijenga, inadai pg_config, ambayo huja na libpq-dev ya apt. Hiyo ni maktaba ya lugha ya C, ya mfumo, na pip haina habari nayo kabisa. `ldconfig -p` inanimwagia mamia ya mistari bila kusema ipi inatumiwa na nani. `ldd` nayo hujibu kwa faili moja moja za .so (kodi ya C iliyokwisha kujengwa).

Mwenye njia ya kuzipata hizi za C kwa mkupuo, kwa venv nzima, aandike amri kamili hapa hapa. Viungo vya video msiniletee, bando lenyewe ni la mkopo. Na atakayeniambia "tumia Docker", ile ya kufungia programu na maktaba zake zote ndani ya sanduku moja, tutakosana.