Namba za otomatiki kwenye Word zishawahi kukutoa jasho? Tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu habari za mida hii. Mimi nina steshenari ndogo jirani na chuo, kazi yangu kutaipu, kuprinti na kubaindi, na msimu huu wa watu kukabidhi tasnifu ndo msimu wa mimi kulala saa tisa usiku.

Juzi kaja dada mmoja na fleshi yake, kurasa 148, ananiambia kaka nisaidie kitu kidogo tu, sura ya nne inaanza vizuri 4.1 alafu inayofuata inasoma 1.2, na msimamizi kamwambia asirudi ofisini kwake mpaka namba zikae. Kitu kidogo eti. Nilifungua lile faili saa kumi na mbili jioni nikalifunga saa nane usiku.

Kila namba ilikuwa na ukoo wake. Zingine kaandika kwa mkono akasogeza kwa spesi, zingine Word imejiwekea yenyewe, zingine kapesti kutoka proposali yake ya mwaka jana zikaja na listi yao. Na mimi kwa ujuaji wangu nikawa napiga raiti kliki, "Continue Numbering", moja baada ya nyingine. Narekebisha 4.2 inakaa, nashuka 4.5 inakaa, nikirudi juu nakuta sura ya pili imeshakuwa 4.6. Yaani kama mtu anayefukuza kuku, huyu ukimshika yule katoka.

Mwisho nikafanya ujinga. Nikafuta namba zote nikaziandika kwa mkono, nikaprinti, nikalala. Asubuhi dada kaenda kwa msimamizi, saa nne karudi, mzee kataka aongeze kipengele kimoja katikati ya 2.3 na 2.4.

Sikumchaji. Sasa nani mwingine yamemkuta na alitokaje?

Kibodi Mbovu

Nimesoma kichwa tu bega likaanza kuuma. Pole mkuu.

Mzee wa Ripoti

Mtoa mada usijilaumu, hiyo "Continue Numbering" imetuua wengi. Mimi nilikuwa naunganisha ripoti za tafiti, watu sita kila mmoja anaandika sehemu yake alafu mimi ndo wa kushona. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashona kwa machozi. Siku moja kijana wa IT akanionyesha kitu ambacho hadi leo nawaonyesha watu: faili la docx ni zipu tu, lipige kopi, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, lifungue, ndani kuna kifaili kinaitwa numbering.xml. Tukakifungua cha ripoti yangu, aisee, listi zaidi ya mia mbili! Mimi kwa macho naona listi moja kumbe Word inaona mia mbili, kila mtu aliyepesti kaleta yake na kila nilipobonyeza "Restart at 1" nilikuwa nazaa nyingine.

Hapo ndo nikaelewa kwamba namba haikai kwenye maneno, inakaa kwenye ile alama ya mwisho wa aya (bonyeza Ctrl+Shift+8 utaiona, kama P iliyogeuka). Ukikopi aya pamoja na ile alama umekopi na listi yake. Kwaiyo kitu cha watu napesti maandishi matupu, "Keep Text Only", sibembelezi.

Dawa yenyewe sio kurekebisha namba, ni kuacha kuzigusa. Vichwa vyote vya sura weka staili ya Heading 1 (staili ni muundo wa maandishi uliomo tayari ndani ya Word), vya 1.1 weka Heading 2, vya 1.1.1 Heading 3. Kama kaandika namba kwa mkono zifute kwanza. Alafu weka kasa (kile kijistari kinachopepesa unapoandika) kwenye kichwa cha sura ya kwanza, nenda Multilevel List, "Define New Multilevel List", bonyeza "More" maana bila hiyo sehemu muhimu imejificha, kisha kila ngazi uifunge na staili yake pale "Link level to style". Ngazi ya 1 na Heading 1, ya 2 na Heading 2, ya 3 hivohivo. Mara moja tu kwa faili zima. Baada ya hapo ukihitaji namba unabonyeza staili, ukiona mkono unaenda kwenye kile kitufe cha 1 2 3 pale juu jichape.

Bi Tasnifu

Asante Mzee wa Ripoti, hayo nilifanya yote na bado yalinikuta, kwa sababu mimi niliandika tasnifu kwa Kiswahili. Ukiandika kwa Kiingereza unachagua namba za maneno zile za One, Two, mbele unaandika CHAPTER basi imeisha. Mimi nataka SURA YA KWANZA, SURA YA PILI. Word haina "ya kwanza", nimetafuta mpaka basi.

Nikasema naandika kwa mkono, SURA YA KWANZA mstari wake, naenta, UTANGULIZI mstari wake, yote mawili Heading 1. Kuangalia chini, kipengele cha kwanza cha utangulizi kinasoma 2.1! Nilikaa siku mbili nadhani kompyuta ina virusi. Kumbe nimeipa Word sura mbili, hiyo ni Heading 1 ya kwanza na hii ni ya pili, Word inahesabu tu haijui kusoma.

Nilitokaje: ile mistari miwili inatenganishwa kwa Shift+Enter sio Enter, hapo inabaki aya moja. Na ngazi ya 1 kule kwenye listi, kile kisanduku cha kuandikia muundo wa namba nikakifuta kikabaki kitupu, lakini Heading 1 bado imefungwa na ngazi yake. Sura inahesabiwa ila namba haionekani, SURA YA KWANZA naandika mwenyewe, na chini inakuja 1.1, 1.2 safi.

Na wale wenu wa CHAPTER ONE mkikuta chini imeandikwa One.1 badala ya 1.1, ingieni ngazi ya pili mtiki "Legal style numbering", alafu ya tatu pia. Nimesahihishia wenzangu hiyo kitu mpaka nikafikiria kuchaji soda.

Karani wa Mikataba

Nyie wa vyuo mna bahati, namba ikikosea unarudishwa ukarekebishe. Kwetu ofisi ya mawakili namba ikikosea mtu anadai hela.

Mkataba wa pango, kurasa 40 na kitu, ndani umejaa "kwa mujibu wa kifungu cha 7.3". Nimeandika hizo 7.3 kwa mkono. Usiku wakili kafuta kifungu cha 5 kizima, vifungu vyenyewe vikajipanga upya vizuri kabisa lakini zile rejea zangu zimebaki palepale. Kwaiyo penye "fidia kwa mujibu wa kifungu cha 7.3" ukienda 7.3 unakuta habari ya usafi wa ngazi. Bahati mwenzangu aliusoma kabla ya sahihi.

Toka siku hiyo rejea zote naingiza kwa "Cross-reference", inashika namba ya kifungu chenyewe. Ila haijisasishi hapohapo, unatakiwa Ctrl+A alafu F9. Na nikajifunza kwa aibu kwamba Ctrl+A haishiki fotinoti, ingia kule chini kwenye fotinoti ubonyeze tena. Na ukiona maneno "Error! Reference source not found." ujue umefuta kifungu ambacho kuna mtu anakirejea. Kabla ya kuprinti natafuta neno Error kwa Ctrl+F, sasa hivi ni kama kunawa mikono.

Kingine, hati ikishasainiwa usiiache ijipange namba yenyewe. Angalieni Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, walipoongeza mambo ya mahakama hawakusukuma ibara zote mbele, waliingiza 107A na 107B, kwa sababu watu walishazoea ibara kwa namba zake na hukumu zimeshaandikwa. Otomatiki haijui adabu hiyo, ukiingiza kifungu katikati inasukuma wote. Kwaiyo marekebisho ya mkataba naandika 12A kwa mkono bila listi, na hapo ndo mahali pekee naruhusu mkono.

Ticha Sayansi

Yangu ni ya kutunga mtihani. Swali lina vipengele (a) mpaka (h), nikafika cha tisa kikawa (i) sawa. Swali linalofuata nataka vipengele vya kirumi, naandika (i) Word inaniletea (j). Inadhani bado niko kwenye herufi. Nimefuta mara kumi inarudi. Wanafunzi wangu siku ile walijibu swali la 6 (j), (k), (l), na mkuu wa shule kaniuliza kwani tunafundisha alfabeti?

Alafu orodha ya majina, mtu anaanza na herufi moja na nukta, A nukta fulani, ukienta anayefuata anapewa B nukta hata kama jina lake ni Z. Hiyo ikitokea piga Ctrl+Z mara moja tu, inatoa namba inaacha ulichoandika. Mimi nimeizima kabisa: File, Options, Proofing, "AutoCorrect Options", ukurasa wa "AutoFormat As You Type", toa tiki ya "Automatic numbered lists". Usingizi umerudi.

Mkenya Mpole

Salamu kutoka Nairobi. Yangu ilikuwa tofauti kidogo, namba hazikukosea, ziligeuka sanduku nyeusi! Kila heading iko na kimraba cheusi tii mahali namba inafaa kuwa, na deadline ni asubuhi. Nikadhani ni printer, kwa screen pia iko. Kabeshte kakaniokoa: weka kasa mwanzo wa maneno ya hiyo heading, bonyeza mshale wa kushoto mpaka kile kimraba kiwe kijivu, halafu Ctrl+Shift+S, kuna kadirisha katatokea, bonyeza "Reapply". Namba zikarudi kama hakuna kitu kilifanyika. Mpaka leo sijui nilikosea wapi.

Mjuaji

Tumieni LaTeX, ile programu ya kuandika kwa kodi inayojipangia namba yenyewe, muache kulia.

Kibodi Mbovu

@Mjuaji na msimamizi wako anaweka komenti wapi, kwenye upepo?

Simu Tu

Mimi natumia simu, nikifungua kazi ya watu kwenye simu nikaisevu, mwenye nayo akifungua kwenye kompyuta anakuta bulleti badala ya namba. Kwenye simu sasa nasoma tu, siwagusii.

Mtoa mada

Wakuu nimerudi. Jana dada kaja tena nikamwambia kaa hapa uone. Nimefuta namba zote nilizoandika usiku ule, hiyo pekee lisaa na nusu, nikapitisha Heading 1, 2, 3, nikafunga ngazi kama Mzee wa Ripoti alivyosema. Namba zikatiririka kuanzia sura ya kwanza mpaka ya tano. Bi Tasnifu, ilinitokea One.1, nikacheka peke yangu nikatiki.

Nikamwambia dada haya, andika hicho kipengele anachotaka mzee. Kaweka kasa mwisho wa 2.3, kaenta, kaandika, kabonyeza Heading 2, na palepale 2.4 ya zamani ikawa 2.5 na zote za chini zikasogea. Kashika mdomo.

Nikamchaji elfu tano kalipa bila kulalamika. Anatoka mlangoni kageuka, "Alafu kaka, mzee anasema kurasa za mwanzo ziwe za kirumi, kwenye utangulizi ndo ianze 1."

Nimemwambia aache fleshi.