Kocha wa shule nataka kustaafu kwa hiari, timu naiachaje? Naombeni ushauri

Filimbi ya Zamani: Wakubwa shikamooni, vijana salaam. Ni mwalimu wa sekondari ya serikali huku mikoani, na timu ya shule nimeifundisha tangu ujana. Mwaka huu nafikisha 55, nataka kustaafu kwa hiari. Kuna kituo cha soka cha mtu binafsi kinanihitaji. Usingizi umekata. Nifanyeje?

Mzee wa Kona: 55 ni haki yako kisheria, mkuu. Hakiki tu michango yako ya mfuko wa pensheni kabla hujaandika barua.

Beki Tatu: Umenikumbusha mbali. Mwalimu wetu alitupeleka UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa kwenye lori la mahindi. Tukatolewa kwa matuta, tukalia, akatununulia miwa. Hadi leo nikimuona sokoni nampokea mzigo.

Binti Mtwara: Beki Tatu, anzisha uzi wako. Mleta mada, kuna kitu unaficha. Kustaafu peke yake hakukoseshi mtu usingizi.

Filimbi ya Zamani: Sawa. Wanataka niende na vijana wanne wa kidato cha tatu. Nimeshakubali kwa mdomo. Msinihukumu haraka, hapa wanapokezana viatu. Kule kuna lishe na daktari.

Ticha Chaki: Sikubaliani. Kanali Idd Kipingu, aliyekuwa mkuu wa sekondari ya Makongo, Dar, alionyesha kuwa kijana anasoma na kucheza shule hiyohiyo. Halafu angalia pesa: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, kanuni za FIFA zinatenga 5% ya ada kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Shule isiyosajiliwa kama klabu haiambulii kitu. Umelea wewe, watavuna wao.

Chumvi ya Mawe: Chai hii. Kocha gani ana muda wa kuandika huku? Taja kikosi.

Filimbi ya Zamani: Majina ya watoto siweki hapa. Uliza ya uwanjani. Mistari tunachora kwa majivu ya jiko la shule, nyavu nimeshona mwenyewe kwa nyuzi za wavuvi. Michezo ya shule ilipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulifanya mazoezi alfajiri tukayaita usafi wa mazingira.

Chumvi ya Mawe: Hilo la usafi hata sisi tulilifanya. Nimefuta kauli, mwalimu.

Binti Mtwara: Wazazi wanasemaje?

Filimbi ya Zamani: Wawili wameridhia. Mama wa kijana wa tatu anauliza mtoto atafanyia wapi mtihani wa kidato cha nne, na kituo hakijanijibu. Wa nne analelewa na bibi yake; bibi kasema mjukuu haondoki bila maandishi.

Mzee wa Kona: Msikilize huyo bibi. Barua ya kustaafu isubiri mpaka kituo kijibu, na mhuri juu. Timu unamwachia nani?

Filimbi ya Zamani: Mwalimu wa Hisabati, alikuwa kipa wangu hapahapa. Anaiweza. Juzi ameniuliza, nikiwachukua hao wanne, UMISSETA ijayo aende na nani. Sijamjibu.